Mlio Unafuata Nini? Kutafuta Chanzo cha Kelele Ngeni kwenye Pikipiki ya Safari Ndefu

Mwendeshaji akifika gereji na kusema kwamba pikipiki yake inalia, amesema kweli, lakini fundi bado hajaambiwa kitu. Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya sauti: injini hugonga, hukwaruza, huvuma, husaga, hulia kama njuga au hutetema kama bati kwenye upepo. Hata hivyo, sauti ambayo mimi naiita kugonga, fundi anaweza kuiita kukwaruza, na abiria aliyekaa nyuma akaiita kitu cha tatu, ilhali wote watatu tumesikia tapeti (kipande kinachosukuma valvu) ileile moja iliyolegea. Chuma kikigonga chuma ndani ya injini, sauti hupita kwenye mifuniko, kwenye mapezi ya silinda, kwenye tangi la mafuta na mwishowe kwenye helmeti kabla haijafika sikioni, na kila kituo huibadilisha kidogo. Kuuliza mlio unafanana na nini huzaa ubishi. Swali lenye jibu ni mlio huo unafuata nini: mizunguko ya injini, mwendo wa magurudumu, mzigo, klachi, au joto? Anayeweza kulijibu akiwa bado barabarani amekwisha kupunguza mahali pa kutafuta kutoka pikipiki nzima hadi sehemu mbili au tatu, kabla spana haijatoka kwenye mfuko.

Hesabu iliyo ndani ya chuma

Kila kinachozunguka kwenye pikipiki kina mwendo wake, na mwendo huo umefungwa na hesabu isiyobadilika. Katika injini ya mipigo minne, krankshafti, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, huzunguka mara mbili ili kamshafti, ile inayofungua valvu, izunguke mara moja. Injini ikiwa imetulia kwenye mizunguko 1,200 kwa dakika, krankshafti inazunguka mara 20 kwa sekunde na kamshafti mara 10. Hakuna anayeweza kuhesabu mapigo 20 kwa sekunde, lakini sikio hutofautisha vizuri mapigo 10, ambayo bado yanasikika mojamoja kama cherehani, na mapigo 20, ambayo yameanza kuungana na kuwa mngurumo. Kwa hiyo mlio mwepesi unaoonekana kwenda taratibu kuliko injini yenyewe huelekeza juu, kwenye valvu na kamshafti, na ule unaokwenda sambamba na injini huelekeza chini, kwenye krankshafti na vilivyofungwa juu yake. Kanuni hii ina mapengo. Konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krankshafti, ikilegea hugonga kwa nguvu zaidi kwenye pigo la kuwaka, ambalo huja mara moja tu kwa kila mizunguko miwili, na gasketi ya ekzosi inayovuja nayo hutoa pigo moja kwa mizunguko miwili kwa kila silinda. Kwa sababu hiyo hesabu ya mapigo haitoshi peke yake, na italazimika kusaidiwa na mzigo na joto.

Idadi ya silinda nayo ina neno lake. Honda Gold Wing yenye silinda sita huwasha silinda moja kila baada ya nyuzi 120 za mzunguko wa krankshafti, kwa hiyo pigo baya la silinda moja linaweza kufichwa na majirani zake. Honda Africa Twin yenye silinda mbili, kwa upande mwingine, imeundwa iwashe kwa nafasi zisizolingana, yaani nyuzi 270 kisha 450, na mtu aliyezoea injini inayopiga sawasawa anaweza kudhani silinda moja imekufa, ilhali ndivyo ilivyozaliwa.

Upande wa barabara hesabu ni tamu zaidi, kwa sababu hapo mtu anaweza kuhesabu kwa macho. Tuichukue hiyohiyo Africa Twin, ile ya CRF1000L. Sproketi ya mbele ina meno 16, ya nyuma meno 42, cheni ina pingili 124, na tairi la nyuma la 150/70 kwenye rimu ya inchi 18 lina mzingo wa takriban mita 2.1. Gurudumu likizunguka mara moja huvuta pingili 42, maana yake ni kwamba cheni nzima humaliza safari yake baada ya gurudumu kuzunguka karibu mara tatu. Mlio unaorudi kila baada ya mita 2.1 unatokana na kitu kinachozunguka pamoja na gurudumu: diski ya breki iliyopinda, sproketi ya nyuma, jiwe lililokwama kwenye tairi. Mlio unaorudi kila baada ya mita sita na kidogo unatokana na cheni yenyewe, na kwa kawaida ni pingili zilizokakamaa au sehemu iliyokaza kuliko nyingine. Mlio unaorudi kila baada ya sentimita 80 unatokana na sproketi ya mbele au shafti iliyoibeba. Kipimo hiki hakihitaji chombo chochote zaidi ya chaki na rafiki. Weka frii, piga alama ya chaki kwenye tairi, mwombe rafiki aisukume pikipiki polepole kwenye sakafu tambarare huku wewe umeinama karibu na gurudumu la nyuma, kisha hesabu ni mara ngapi alama inapita chini kabla mlio haujarudi.

Barabarani

Kabla ya kufungua chochote, tafuta barabara iliyonyooka isiyo na magari nyuma, endesha kwa kilomita 60 kwa saa kwenye gia ya tatu, sikiliza, kisha panda hadi gia ya tano ukibaki kwenye mwendo uleule. Mizunguko ya injini imeshuka, lakini magurudumu hayajabadilika hata kidogo. Mlio ukibaki vilevile, chanzo kiko kwenye vile vinavyofuata barabara, yaani magurudumu, beringi zake, tairi, diski, cheni au propela (shafti inayochukua nafasi ya cheni kwenye baadhi ya pikipiki). Ukishuka pamoja na injini, chanzo kiko injini au klachi. Kisha bana klachi, acha injini irudi kwenye mizunguko ya chini, na usikilize pikipiki ikiserereka. Usizime injini kwa ufunguo ili usikie vizuri zaidi. Klachi inatosha, na kwenye pikipiki nyingi ufunguo huohuo ndio unaofunga usukani.

Giaboksi ndiyo inayowachanganya wengi hapa, kwa kuwa ni mpaka wa nchi mbili. Shafti inayoingiza nguvu imeungana na klachi, na shafti inayotoa nguvu imeungana na cheni au propela. Ukiserereka ukiwa umebana klachi na gia imo, shafti zote mbili zinazungushwa na gurudumu la nyuma. Ukiweka frii na kuachia klachi, ya kwanza inarudi kufuata injini na ya pili inaendelea kufuata gurudumu. Mlio unaobadilika kati ya hali hizo mbili uko ndani ya giaboksi. Ule unaosikika kwenye gia moja tu na kupotea kwenye nyingine zote ni wa meno ya gia hiyo au bushi yake, na hauna haja ya mjadala mrefu.

Baada ya mwendo, pima mzigo. Fungua mafuta kwa nguvu kwenye mwinuko, kisha yafunge ghafla uiache injini ishike pikipiki kwenye mteremko. Kila kilichochakaa na kupata nafasi ya kucheza kitahama kutoka upande mmoja wa nafasi hiyo hadi mwingine, na hapo hutoa sauti. Ukitaka kuusikia mlio bila kuzibwa na upepo wa kioo cha mbele, pita taratibu kando ya ukuta mrefu. Ukuta hurudisha sauti za pembeni ambazo mwendeshaji, akiwa amekaa juu yake, huzikosa.

Injini baridi na injini moto

Dakika mbili za kwanza baada ya kuwasha asubuhi zina taarifa nyingi kuliko saa nzima ya kusikiliza injini ikiwa moto, na ni kosa kubwa kumpelekea fundi pikipiki ambayo imekwisha kupata moto njiani. Mlio wa mnyororo unaotingishika unaosikika kwa sekunde chache tu na kukoma mara oili inapopanda ni wa kikaza cha taiming cheni (cheni inayoiendesha kamshafti) kinachotegemea shinikizo la oili. Kwenye BMW za silinda mbili zilizolala za R1100 na R1150, kikaza cha upande wa kushoto kilijulikana kwa kumwaga oili yake pikipiki inapolala usiku, hata baadaye kikabadilishwa kwa kingine kinachohifadhi oili. Mlio wa sekunde mbili hauui injini. Ukianza kuchukua sekunde kumi, au ukarudi injini ikiwa moto kwenye mizunguko ya chini, basi ama kikaza kimechoka, ama cheni imerefuka, ama oili imepungua, na cha kuangalia kwanza ni kile kisichogharimu kitu, yaani kipimo cha oili.

Mlio mzito kiasi, mkavu, ambao hupungua taratibu kadiri injini inavyopata moto, kwa kawaida ni wa pistoni inayopiga ukuta wa silinda. Pistoni ni ya alumini, na alumini hutanuka zaidi ikipata joto, kwa hiyo nafasi iliyokuwapo baridini huzibika. Pikipiki yenye mlio huo huweza kutembea maelfu ya kilomita bila kudhurika, mradi haitapigwa resi kabla ya kupata moto. Gasketi ya ekzosi inayovuja hufanya jambo hilohilo kwa sababu tofauti kabisa: chuma kikitanuka kinaziba ufa, na mlio wa "ti ti ti" unapotea. Hapo ndipo watu huvunja vifuniko vya valvu bure. Ili kutenganisha uvujaji huo na mlio wa valvu, iwashe injini ikiwa baridi, kisha kwa kitambaa kinene ziba mdomo wa ekzosi kwa muda mfupi. Kama ni uvujaji, mlio utaongezeka kwenye kiungo, na masizi meusi mara nyingi yatakuwa yamekwisha kuchora mahali penyewe.

Pistoni hupunguza mlio injini ikipata moto. Beringi ya konrodi huuongeza, kwa sababu oili ikipata moto inakuwa nyepesi na haiwezi tena kuijaza nafasi iliyochakaa. Mlio wake ni mzito, unatoka chini, na husikika zaidi ukiishika injini kwenye mizunguko 2,500 hadi 3,000 na kulegeza mafuta kidogo. Taa ya shinikizo la oili ikiwaka pamoja na mlio huo, zima injini papo hapo, hata kama gereji iko kilomita tano mbele. Kuna waendeshaji ambao wangeokoa krankshafti kwa gharama ya kukodi pikapu, wakaamua kujikongoja.

Tapeti zinahitaji aya yake kwa sababu zinapingana na akili ya kawaida. Valvu yenye nafasi kubwa kuliko inavyotakiwa hulia, na valvu yenye nafasi ndogo hunyamaza. Kwenye BMW R1200GS za mwaka 2004 hadi 2009, kwa mfano, nafasi inayotakiwa ni milimita 0.15 kwa valvu ya kuingiza hewa na 0.30 kwa valvu ya kutoa moshi. Mwenye pikipiki akichoshwa na kelele akamwambia fundi azikaze kidogo, atapata injini tulivu ambayo valvu zake za moshi hazikai vizuri kwenye kiti chake. Valvu hupoa kwa kukigusa kiti hicho. Isipokigusa vizuri, moto hupita pembeni yake na kuila ukingo. Zaidi ya hayo, kwenye injini nyingi nafasi ya valvu ya moshi hupungua yenyewe kadiri kilomita zinavyoongezeka, maana yake ni kwamba injini inaweza kuwa inazidi kutulia huku inaelekea kuharibika. Kelele kidogo ya tapeti kwenye injini inayopozwa kwa hewa, ambayo haina koti la maji la kuimeza sauti, ni afadhali mara kumi kuliko ukimya usiopimwa kwa fila, lile bamba jembamba la kupimia nafasi.

Mlio wa changarawe

Upo mlio mmoja ambao si wa chuma kilicholegea kabisa. Injini ikiwa na mzigo mkubwa kwenye mizunguko ya chini, sehemu ya mchanganyiko wa mafuta na hewa ambayo bado haijafikiwa na moto wa plagi inaweza kuwaka yenyewe kwa kishindo, na wimbi la shinikizo likafanya chumba cha kuwakia kilie kama changarawe ndani ya mkebe. Husikika ukifungua mafuta, na hupotea papo hapo ukiyafunga au ukishuka gia. Sababu zake ni oktani ndogo (mafuta yasiyostahimili vizuri kuwaka yenyewe), joto kali, masizi yaliyoganda juu ya pistoni, mchanganyiko wenye mafuta machache, na tabia ya kung'ang'ania gia ya juu mlimani. Anayepandisha mlima Kitonga mchana, akitokea Ruaha Mbuyuni kuelekea Ilula, akiwa na abiria na masanduku matatu yaliyojaa, na bado yuko gia ya tano, anaiomba injini itoe mlio huo.

Mwinuko kutoka usawa wa bahari una mchango ambao wengi hawaufikirii. Nairobi iko kwenye mita zipatazo 1,700, na shinikizo la hewa huko ni asilimia 80 na kidogo ya lile la Mombasa. Silinda hupata hewa kidogo, shinikizo ndani yake huwa dogo, na injini huvumilia mafuta ambayo pwani isingeyavumilia. Pikipiki iliyotulia kabisa Nairobi inaweza kuanza kulia changarawe ikifika pwani ikiwa na mafuta yaleyale tangini, na mwenyewe akamlaumu aliyemfanyia sevisi wiki iliyopita. Baadhi ya pikipiki za kisasa zina sensa inayosikia kugonga huko na kuchelewesha cheche, kwa hiyo kwao dalili ya kwanza huwa nguvu iliyopungua.

Klachi

Pikipiki ikiwa imesimama frii na injini inawaka, bana klachi na uiachie mara kadhaa. Mlio unaokuwapo klachi ikiwa imeachiwa na kupotea ikibanwa uko kwenye kikapu cha klachi (kasha linaloshika sahani zake), kwenye gia zinazokiendesha, au kwenye beringi ya shafti ya kuingizia ya giaboksi. Mlio unaozaliwa pale klachi inapobanwa uko kwenye beringi ndogo ya kusukumia klachi. Mpangilio huu hupinduka kwenye klachi kavu, yaani isiyooga kwenye oili. Zile za Ducati za zamani hutingishika kama sahani kabatini mara zinapobanwa, na wenyewe huona fahari. BMW za silinda zilizolala nazo zilitumia klachi kavu ya sahani moja kwa miongo mingi, hadi R1200GS inayopozwa kwa maji ilipokuja mwaka 2013 na klachi ya sahani nyingi inayooga kwenye oili.

Kwenye injini za silinda mbili kubwa, mtingishiko wa kikapu cha klachi kwenye mizunguko ya chini mara nyingi hautokani na klachi. Silinda zikiwa hazivuti hewa kwa usawa, krankshafti huenda kwa kusitasita, na meno ya gia inayoendesha klachi hupigana huku na huku kwa kila msukumo. Kusawazisha throtli zinazoingizia hewa silinda hizo, au kupandisha mizunguko ya kutulia kwa 100 tu kama kitabu kinaruhusu, kunaweza kuukomesha mtingishiko ambao fundi mwenye haraka angeagizia kikapu kipya. Hali kadhalika, pikipiki nyingi hutumia oili moja kwa injini, klachi na giaboksi, kwa hiyo oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano inaweza kuifanya klachi iteleze; oili yenye alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki, ndiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya klachi zinazooga.

Kutoka giaboksi hadi gurudumu la nyuma

Cheni iliyokauka hulia kwa mkwaruzo mwembamba unaofuata mwendo wa barabara. Cheni iliyolegea hupiga mkono wa nyuma (ule unaobeba gurudumu) hasa ukifunga mafuta, na iliyokaza kupita kiasi huvuma na kuitesa beringi ya shafti inayotoa nguvu kwenye giaboksi, jambo linalogharimu kuliko cheni kumi. Kosa la kawaida ni kupima ulegevu mahali pamoja tu. Cheni haichakai sawasawa, kwa hiyo izungushe yote, utafute pale ilipokaza zaidi, na upimie hapo. Vinginevyo utairekebisha kwenye sehemu iliyolegea na kuiacha sehemu nyingine ikiwa kamba ya gitaa. Pima pia ukiwa umezingatia mzigo, kwa kuwa abiria na masanduku huishusha pikipiki na kubadili umbali kati ya sproketi mbili. Kishindo kimoja kizito kila unapofungua au kufunga mafuta, bila mlio mwingine, kwa kawaida ni cha mipira iliyo ndani ya habu ya nyuma, ambayo kazi yake ni kumeza mshtuko na ambayo huwa migumu kama jiwe baada ya miaka.

Pikipiki za propela zimewaondolea wenyewe shughuli ya cheni, zikawaletea kile ambacho mafundi wa magari wangekiita difu. Ndani yake gia mbili zenye meno ya pembe hugeuza mzunguko nyuzi 90, nazo huvuma kidogo hata zikiwa nzima. Mvumo wa gia hizo hubadilika ukifungua na kufunga mafuta, kwa sababu meno hubadilisha upande wa kugusana. Mvumo wa beringi haujali mafuta, hufuata mwendo tu. Tofauti hiyo moja huamua mengi. Kwenye R1200GS ya kizazi cha hewa na oili, gurudumu limefungwa moja kwa moja kwenye difu, na beringi kubwa iliyomo ndani yake ilipata sifa mbaya kwa baadhi ya wamiliki. Isimamishe pikipiki kwenye stendi ya kati, shika tairi juu na chini, uvute na kusukuma kwa mikono miwili. Ukihisi mchezo, mwambie rafiki aangalie kiungo cha difu na mkono wa nyuma: kama difu yenyewe inatikisika, ni beringi za kiungo; kama gurudumu linatikisika ndani ya difu iliyotulia, ni ile beringi kubwa, na safari imeishia hapo. Mtetemo unaopanda kwenye vikanyagio kadiri mwendo unavyoongezeka, bila mvumo, huelekeza kwenye jointi za propela zenye umbo la msalaba.

Vinavyodanganya

Mimi mwenyewe niliwahi kutoka Iringa hadi Dar es Salaam nikiamini krankshafti imekwisha. Gereji niliyoifikia ilikubaliana nami haraka mno na kunitajia bei ya kufungua injini. Ilikuwa boliti moja ya bamba la kukinga joto kwenye ekzosi. Kilichopaswa kunizindua ni kwamba mlio ulikuja kwenye mizunguko 3,500, ukadumu hadi 3,900, ukapotea. Beringi iliyokufa haipumziki namna hiyo. Mlio unaoishi kwenye kipande kifupi tu cha mizunguko ni wa kitu chepesi kilicholegea kinachoitikia mtetemo wake, kama bamba, kioo, mabano ya sanduku au chupa ya maji uliyoisahau ndani ya sanduku tupu. Ondoa masanduku yote kabla ya jaribio lolote.

Tairi nalo hulaumiwa kidogo kuliko linavyostahili. Tairi la mbele lililochakaa kwa mawimbi, au lenye vitalu vikubwa vya kukanyagia vumbi, huvuma kwenye lami hasa ukilala kwenye kona, na mvumo wake hufanana sana na wa beringi ya gurudumu. Beringi haitofautishi lami mpya na lami chakavu, tairi hutofautisha. Vilevile kuna sauti za uzima ambazo mwenye pikipiki ngeni huzishtukia, kama mvumo wa pampu ya mafuta unapowasha swichi, pigo dogo la mfumo wa ABS ukijipima mita chache za kwanza, na mluzi wa Honda VFR za kabla ya mwaka 2002 ambazo kamshafti zake zinaendeshwa kwa gia.

Kwa kutafuta mahali hasa, bisibisi ndefu bado inashinda vifaa vingi. Weka ncha kwenye chuma na mpini kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, mbali na cheni na feni, ulinganishe sehemu mbili zinazofanana, silinda ya kushoto na ya kulia kwa mfano, maana sauti moja isiyolinganishwa haina maana. Kwa uvujaji wa hewa au moshi tumia kipande cha mpira wa maji kama bomba la kusikilizia. Video ya simu husaidia kumwonyesha fundi lini mlio unatokea, lakini maikrofoni za simu huzimeza sauti nzito, na ndizo unazozihofia zaidi.

Oili inasemaje

Kelele ikibaki na shaka, mwaga oili. Sumaku ya nati ya kumwagia ikiwa na uji laini wa kijivu, huo ni uchakavu wa kawaida wa gia. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, chuma kinamong'onyoka mahali fulani. Kisha likate chujio kwa kisu au kikata bomba, ufungue karatasi yake juani: vipande vinavyong'aa vyeupe visivyovutwa na sumaku ni alumini, ya pistoni au ya kasha, vyenye rangi ya shaba ni vya bushi au vya tabaka la ndani la beringi, na vikionekana pamoja na mlio mzito unaozidi injini ikipata moto, injini itafunguliwa. Kwa difu ya propela fanya hivyohivyo, ukikumbuka kwamba oili yake kwa kawaida haizidi robo lita, kwa hiyo huchafuka mapema na kuanza kuonyesha chuma wakati gurudumu likishikwa kwa mikono bado halijacheza.